Injini Iliyovaa Koti

Fundi hakuwahi kuiwasha injini kabla ya kuisalimia. Alifika mtoni asubuhi, akaweka chini mfuko wake wa spana, akavua ndara, akaizunguka injini taratibu huku mikono iko mgongoni, kisha akaiinamia na kuiuliza, "Umeamkaje, mama?" Baada ya hapo alisubiri. Sisi tuliokwisha kukaa ndani ya boti na magunia yetu ya mihogo, tukitaka kuvuka Mto Mara kwenda mnadani upande wa Serengeti, tulisubiri naye, kwa sababu hatukuwa na namna nyingine.

"Imesemaje leo?" mtu mmoja aliuliza.

"Imenuna," Fundi alijibu. "Jana kuna mtu aliivuta kwa hasira."

Na hapo alinitazama mimi.

Niseme mapema kwamba mimi sikuwa rafiki wa injini ile. Kabla haijaletwa kijijini, mimi ndiye niliyekuwa mpiga kafi wa kijiji. Ilipoletwa, mkutano wa kijiji ulinipa cheo kipya, Msaidizi wa Injini, na kazi ya cheo hicho ilikuwa kupiga kafi kila injini ilipokataa kuwaka. Kwa maneno mengine niliendelea kupiga kafi kama zamani, tofauti ni kwamba sasa boti ilikuwa na chuma kizito kimening'inia nyuma. Kwa hiyo nikimsema Fundi, msomaji ajue kwamba nina kinyongo kidogo, ingawa sijapata kumpenda mtu kama nilivyompenda yule bwana.

Hakuwa fundi wa injini hata kidogo. Alikuwa fundi cherehani. Alitoka pwani, sehemu gani hasa sikuwahi kujua, akaja Tarime na cherehani yake, akateremka Nyamongo kuwashonea kaptura watu waliokuwa wakichimbua dhahabu kwa sururu. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa karibu na mto, naye alihamishwa pamoja nasi, yeye na cherehani yake na maringo yake yote.

Injini ililetwa na lori kutoka upande wa ziwani, imefungwa kwa magunia. Wavuvi wa huko walikuwa wameitumia mpaka wakaichoka, na mtu fulani mwenye huruma akaona itufae sisi. Mwenyekiti wa kijiji aliitisha mkutano.

"Wananchi, nani hapa anajua mashine?" aliuliza.

Ng'ombe walilia huko mbali.

"Yule Mswahili ana mashine," sauti moja ikasema kutoka nyuma.

Fundi akasimama. "Mwenyekiti, mashine yangu ni ya kushonea nguo."

"Ina gurudumu?"

"Ina gurudumu."

"Inatiwa oili?"

"Inatiwa."

"Mashine ni mashine," mwenyekiti akasema. "Wanaokubali?" Mikono yote ikapanda juu, na wangu nao, kwa sababu nilitaka kuona atakavyoaibika.

Hakuaibika. Hilo ndilo lililoniudhi. Mtu mwingine angekaa chini akakiri kwamba hajui lolote, lakini yeye kabla mwezi haujaisha alikuwa anatueleza kwamba cherehani na injini ni ndugu wa tumbo moja. "Ukikaza sana, inakata uzi," alisema, huku akifungua skrubu ya kabureta kwa bisibisi ndogo ya cherehani. "Ukilegeza sana, inaruka mishono. Hii inaruka mishono. Mnasikia?" Tulisikia injini ikikohoa, ikanyamaza, ikakohoa tena. Wengine wakatikisa kichwa kwa busara. Naapa hakuna aliyesikia mshono wowote.

Alikuwa na misemo yake ambayo kijiji kizima kilikuja kuijua. Injini ikikataa kuwaka alisema, "Haijafa, imesusa." Mtu akimuuliza itapona lini, alijibu, "Muulize anayeumwa." Ikiwaka yenyewe bila mtu kuelewa kwa nini, alijipangusa mikono na kusema, "Nilijua," na hakukuwa na nguvu ya serikali wala ya chama iliyoweza kumfanya aseme alijua nini.

Wazee wa kwetu nao walikuwa na maoni yao, maana mtu aliyefuga ng'ombe tangu utotoni haoni mnyama mgonjwa akanyamaza. Injini ile ilipokuwa nzima ilitoa kijito chembamba cha maji ubavuni, ishara kwamba maji yanazunguka ndani na kuipoza. Wazee walikiona kijito hicho wakaelewa mara moja. Kila asubuhi mzee mmoja aliteremka mtoni na fimbo yake, akauliza swali lile lile: "Inakojoa?"

"Inakojoa, tata," Fundi alijibu.

"Basi haitakufa." Na mzee akaondoka zake.

Siku kijito kilipokatika, wazee walikuja kundi zima. Mmoja alishauri ipewe magadi ilambe. Mwingine alitaka ianikwe juani upande wa kushoto tu. Fundi aliwasikiliza wote kwa heshima, akafunga kipande cha magadi kwenye kitambaa, akakining'iniza kwenye mpini wa injini ili asimuudhi mtu, kisha akaenda nyumbani akakata kipande cha mpira kutoka buti lake la mvua, akachonga kipangaboi cha kusukumia maji, akakitia ndani. Injini ikakojoa. Mpaka leo ukienda kule utakuta watu wanaoamini ni magadi.

Mpira wa buti haukuwa kitu cha ajabu, maana vipuri havikuwepo. Pini inayoshika panga la injini, lile linalozunguka majini, ilipokatika, aliweka kipande cha spoku ya baiskeli. Gasketi alizikata kutoka kwenye boksi la majani ya chai. Plagi aliisugua kwa mswaki wa mkewe, akaikausha jikoni juu ya mafiga, akapima nafasi yake kwa wembe. Hapo ndipo ugomvi na mkewe ulipoanzia, kwenye ule mswaki, lakini nitafika huko.

Kwanza kuna habari ya mafuta. Petroli ya injini zile lazima ichanganywe na oili, la sivyo injini inajisaga yenyewe mpaka inakwama. Petroli tulipata kwa taabu. Oili hatukupata kabisa. Fundi akaanza na samli. Injini ilikunywa samli siku moja, ikavuka mara mbili huku ikinukia kama jikoni kwa mama, na mbwa wote wa kijiji wakakimbia ukingoni wakiifuata. Siku ya pili kabureta iliziba ikawa kama kibuyu cha maziwa mgando. Akaiosha, akawaomba akina mama mafuta ya nyonyo, yale ya kupaka ngozi. Na hapa, msomaji, injini ilipiga kelele ya furaha. Haikuwahi kwenda vizuri namna ile. Ilitoa moshi mweupe, mzito, wenye harufu tamu, uliotufunika sisi wote tuliokaa nyuma.

Tatizo tuliligundua ng'ambo. Sijui kama ni moshi wenyewe au hofu ya moshi, lakini watu waliokaa nyuma waliteremka wameshika matumbo, kwa haraka isiyo ya kawaida, na kutokomea vichakani, kila mmoja njia yake, magunia wakayaacha. Kuanzia siku hiyo viti vya mbele vikawa na thamani. Mwenyekiti akatangaza kwamba kwa itifaki kiongozi hukaa mbele. Katibu akasema naye ni kiongozi. Balozi wa nyumba kumi akakumbuka kwamba naye pia ni kiongozi. Tukawa na boti ambayo uongozi wote umejazana puani na wananchi tumo ndani ya moshi, na boti yenyewe imeinama mbele kwa uzito.

Fundi hakudhurika. Alisema mtu wa pwani ana tumbo la bahari. Lakini mtu huyo huyo wa tumbo la bahari alikuwa anaogopa maji kuliko sisi wachunga ng'ombe. Aliendesha injini akiwa amejivika kiunoni mpira wa ndani wa gurudumu la lori, umejaa upepo, hata akawa anaenea kwa shida pale nyuma. Nilimuuliza inawezekanaje mtu azaliwe baharini aogope mto.

"Bahari ina chumvi, inakubeba," alisema. "Mto huu hauna adabu. Na ile bahari yetu haina viboko."

Kulikuwa na watu waliosema Fundi hataki injini ipone. Ni kweli kwamba fundi wa injini ya kijiji alisamehewa kulima shamba la ujamaa, kwa sababu mgonjwa hawezi kuachwa peke yake. Ni kweli pia kwamba aliogopa jembe karibu sawa na mto. Lakini mimi niliyekaa naye kila siku najua kwamba aliipenda ile takataka. Aliishonea koti. Koti kamili la kaki, lenye vifungo na ukosi na mfuko mmoja kifuani wa kuwekea plagi ya akiba. Mwenyekiti alimuuliza mkutanoni kwa nini injini imevaa kaki wakati wananchi wanapanga foleni ya kaki kwenye duka la ushirika. Fundi akajibu, "Mwenyekiti, wananchi hawalali nje kwenye umande." Akakaa chini.

Na hata hiyo haikuwa kweli, kwa sababu injini nayo haikulala nje. Ofisi ya kijiji haikuwa na kufuli, kwa hiyo mali ya umma ilihifadhiwa nyumbani kwa Fundi. Mwanzo iliwekwa pembeni mwa mlango. Mvua zikaingia, paa likavuja pale mlangoni, ikasogezwa chumbani. Chumbani paa likavuja tena, kila mahali isipokuwa juu ya kitanda. Mtu mwingine angepanda akaziba paa. Fundi akaipandisha injini kitandani, na koti lake.

Mkewe alikuwa binti wa ng'ambo ya mto, mwenye maneno machache na macho makali. Alivumilia mswaki wake kunuka petroli. Alivumilia spana ndani ya sufuria. Siku alipogeuka kitandani akagonga goti kwenye panga la injini, aliamka, akafunga kanga zake, akaniita nimvushe kwa kafi. Njiani alisema sentensi moja tu.

"Mwambie nitarudi siku kile chuma kitakapokuwa na nyumba yake."

Baba yake alikuwa amekwisha kufa, hivyo mwenye neno nyumbani kwao alikuwa mama yake. Na mama yake alituma habari kali zaidi: kwamba yeye mwenyewe atavuka, atakuja kuona kwa macho yake mahali binti yake alipokuwa akilala. Akipapenda, binti atarudi. Asipopapenda, ng'ombe wa mahari watarudi, na habari itakuwa imekwisha.

Fundi aliharibika. Alimpenda mke wake na alilisema hilo wazi mbele ya watu, jambo ambalo sisi wanaume wa kule hatukulisema hata tukivutwa masikio. Alinishonea suruali wiki ile, mguu mmoja ukafika kwenye kifundo na mwingine ukaishia katikati ya ugoko. Nilipomwonyesha alisema, "Samahani, ndugu yangu, hapo nilikuwa namkumbuka." Nikaivaa hivyo hivyo.

Sasa kulikuwa na shida ya kumvusha mama mkwe. Kwetu mwanaume hamtazami mama mkwe wake usoni. Hali chakula naye, hakai naye mahali pamoja. Wakikutana njiani, mkwe huingia majanini akageukia kule mpaka mama apite. Fundi, ingawa ni mtu wa kuja, aliishika desturi hii kuliko sisi wenyewe, kwa ule woga wa mgeni anayeogopa kukosea. Tangu alipooa hajapata kumwona uso. Na boti ya kijiji ilikuwa na urefu wa ng'ombe watatu hivi. Hakuna majani ya kuingia katikati ya mto.

"Nitamvusha mimi kwa kafi," nikasema. "Wewe kaa nyumbani."

"Haiwezekani," akasema. "Amesikia mabaya tu ya injini. Lazima aione ikifanya kazi. Akiiona inafanya kazi atanielewa."

"Na uso wake?"

Akafikiri. Macho yakamng'aa, nami nikajua tumekwisha.

Alishona pazia. Alilitundika kwenye nguzo mbili za matete katikati ya boti, kutoka ubavu hadi ubavu, jeupe, lenye pindo na maua pembeni. Akavua mpira wake wa kiunoni ili asionekane mwoga, hata kwa mtu ambaye hatamwona. Na jambo la mwisho, ambalo ndilo lililotuponza, alinyakua kafi langu akaliacha ukingoni.

"Kafi ni kukiri kushindwa," alisema. "Akiliona atasema mkwe hana imani na mashine yake."

Basi tukaenda ng'ambo, mama akaingia, akakaa puani mwa boti kwa heshima zote. Fundi alikuwa nyuma ya pazia, amegeukia maji, ameinamisha kichwa. Mimi nilikaa pembeni, pale pazia lilipoishia, goti moja upande wa mkwe na goti moja upande wa mama mkwe. Kwa kuwa Fundi hakuona mbele, kazi yangu ilikuwa kumwelekeza. Injini iliwaka kwa mvuto wa kwanza, naye akaninong'oneza, "Nilijua."

Tuliteleza vizuri mpaka katikati. Hapo upepo ukaja. Pazia likajaa, boti ikaanza kwenda ubavu. Nikapiga kelele, "Kushoto!" Lakini mimi nilikuwa nimemgeukia yeye, kwa hiyo kushoto kwangu hakukuwa kushoto kwake. Tukapanda kwenye fungu la mchanga, injini ikanyamaza.

Nilishuka nikasukuma boti, ikaelea tena, nikarukia ndani. Fundi akazungusha kamba juu ya gurudumu la injini, akavuta. Kimya. Akavuta tena. Ndipo yeye, mtu aliyetukataza sote kuvuta kwa hasira, akavuta kwa hasira. Kamba ikakatika, kipande kikubwa kikaruka na kutumbukia majini. Mto ukaanza kutuchukua polepole kuelekea chini, mahali ambapo viboko huota jua. Walikuwepo. Mmoja alipiga miayo.

Mama mkwe akasema, bila kugeuka, "Mwambie huyo mtu, mbona kimya?"

"Fundi," nikasema, ingawa alikuwa karibu nami kiasi cha kunipaka jasho, "mama anauliza mbona kimya."

"Mwambie mama, shikamoo."

"Mama, anasema shikamoo."

"Mwambie marahaba. Mwambie nimeuliza mbona kimya."

"Mwambie mashine imesusa kidogo. Mwambie naomba radhi sana. Mwambie kamba imekatika, lakini asiwe na wasiwasi hata kidogo."

"Mwambie sina wasiwasi, ila kuna kiboko."

"Mwambie naomba radhi kwa kiboko."

Hapo nilimtazama mama. Sauti yake ilikuwa ya hakimu, kavu kabisa. Lakini mwili wote ulikuwa unatikisika. Alikuwa amejiziba mdomo kwa kiganja, machozi yanamtiririka mashavuni, anacheka mpaka anaishiwa pumzi. Akaniona ninamwona. Akaweka kidole mdomoni.

"We mura," akaninong'oneza kwa Kikurya, "ukimwambia nacheka, nitakulaani. Akijua nacheka ataacha kuogopa, na akiacha kuogopa atakirudisha kile chuma kitandani." Kisha akaongeza maneno mengine polepole, akanitaka niyafunge hayo pia. Nikaapa.

Nyuma, Fundi alikuwa anahangaika. Alichana mkono wa shati lake, akausokota, akavuta, ukakatika. Alikuwa ameushona mwenyewe. Suruali yangu ya miguu miwili tofauti ilikuwa ya mpira kiunoni, haina mkanda. Akashika pindo la pazia.

"Mwambie asiguse pazia!" mama akafoka. "Tukitazamana hapa itakuwaje?"

"Mwambie sijaligusa!"

"Mwambie nimesikia likivutwa!"

Viboko wakasogea, au sisi tukasogea, sikukaa kupima. Mama mkwe alivuta pumzi. Halafu akaingiza mikono ndani ya kanga, akafungua mshipi wake wa kiunoni, wa kitambaa chekundu kilichosokotwa vizuri, akanipa huku ameangalia mbinguni. Mshipi wa mama mkwe! Afadhali angenipa nyoka. Niliupitisha upande wa pili wa pazia kwa vidole viwili.

"Nini hiki?" Fundi akauliza. "Cha joto."

"Usiulize."

Akautazama, akaelewa, akawa kama mtu aliyemeza plagi. "Mwambie mama," alianza, kisha akafumba macho, akauzungusha mshipi juu ya gurudumu akipapasa, akavuta.

Injini ikawaka. Moshi mtamu wa nyonyo ukatufunika sote, na tukaondoka pale kiboko wa kwanza akiwa karibu kiasi cha kuhesabiwa meno. Mama alishikilia kanga yake kwa mikono miwili mpaka ukingoni. Alishuka, akatembea hivyo hivyo hadi nyumbani kwa Fundi, akaingia, akaona injini ya kijiji ilikolala, shimo lake kwenye godoro, na plagi juu ya mto wa kulalia. Akatoka.

"Mwambie kile chuma kijengewe," akasema. "Kikishajengewa, binti atakuja. Na mwambie siku ya leo haikuwepo."

Fundi aliyeogopa jembe alichimba msingi wa kibanda cha injini kwa mikono yake. Tulimsikia akihesabu malengelenge kwa sauti. Watu waliojaribu kumsaidia aliwafukuza, kwa hofu kwamba mama mkwe atasikia amesaidiwa. Mkewe alirudi, akazungukia kibanda kwanza, akajaribu mlango wake, ndipo akaingia nyumbani.

Mshipi haukurudi kwa mwenyewe, maana nani angeupeleka? Ukabaki kuwa kamba ya kuwashia. Kijiji kizima kiliuvuta, mwenyekiti aliuvuta, na bwana mmoja wa wilaya aliyekuja kutukagua aliusifu, akasema huu ndio ubunifu. Mama mkwe alipokuwa ng'ambo akiona mtu anauzungusha, aligeuka akatazama milima. Nilivumilia mengi katika maisha yangu, lakini kutocheka siku zile kulinitoa jasho zaidi ya kafi.

Injini ilidumu mpaka siku ilipochomoka yenyewe kwenye boti na kuzama katikati ya mto, ikiwa imevaa koti, kwa kuwa siku ile kulikuwa na baridi na Fundi alikataa kulivua. Alikaa ukingoni jioni nzima. Mkewe alimletea chai pale, akakaa naye, na sikumsikia akisema neno baya juu ya marehemu.

Baadaye vijiji vililegea, watu wakarudi walikotoka, Fundi na mkewe wakahamia Mugumu. Miaka ilipita mingi. Nilikwenda kule kwa habari ya shemeji yangu, nikapita barazani kwenye maduka, nikamwona. Nywele zimekuwa nyeupe, miwani imefungwa kwa uzi, cherehani ni ile ile.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Msaidizi wa Injini!" Akacheka, akanivutia kigoda. Tuliongea juu ya watu waliokufa na walio hai. Kisha akaniambia kwamba mama mkwe wake amefariki. Wamemzika mwezi uliopita. Yeye alisimama mbali na kaburi, pamoja na wakwe wengine, akitazama migongo ya watu.

Akaendesha cherehani kidogo, akaisimamisha.

"Kanga zake zote nilizijua," akasema. "Nyayo zake. Alivyokohoa. Miaka yote hii nikisikia anakohoa tu, nilikuwa naingia majanini hata kama hakuna majani. Uso wake sikuwahi kuuona." Akavua miwani. "Wewe siku ile ulikaa upande wa pili. Nimetaka kukuuliza tangu wakati ule. Alikasirika sana?"

Niliapa, lakini niliapa kwa mtu aliyekuwa hai.

"Alikuwa anacheka," nikamwambia.

"Nani?"

"Mama. Tangu ulipomwambia shikamoo. Alicheka mpaka machozi yakamtoka. Alinikataza kukwambia."

Mguu wake ulibaki juu ya pedali.

"Nilidhani alimrudisha mke wangu kwa sababu ya aibu ya ule mshipi," akasema mwishowe. "Ili tunyamaze."

"Hapana. Alikuwa ameamua kabla hajaufungua. Aliniambia pale pale. Alisema, 'Mwanaume anayebembeleza chuma namna hii hawezi kumpiga binti yangu.'"

Fundi alianza kuendesha cherehani tena, kasi sana, wala hapakuwa na kitambaa chochote chini ya sindano. Nikatazama barabarani, nimpe nafasi. Kisha akageukia mlango wa nyuma akaita kwa sauti iliyopasuka.

"Mama! Wee mama! Njoo hapa!"

Mkewe akatoka jikoni na mwiko mkononi, mzee sasa, macho yale yale makali.

"Kuna nini?"

"Hakuna," akasema. "Kaa hapa kidogo."

Akakaa, akinung'unika kwamba ugali wake utaungua.